Mpango wa Kijiji Una Mafundi Wake

Ramani ya kwanza ya kijiji huchorwa chini, kwenye udongo uliofagiliwa. Anayeanza huwa na kijiti mkononi. Anachora barabara, anachora mto, kisha anaweka jiwe palipo shule na jingine palipo kanisa. Majivu yanakuwa mipaka, majani mabichi yanakuwa vichaka vya malisho, vizibo vya chupa vinakuwa visima. Mwanzoni wachoraji ni wawili au watatu, kwa kawaida wanaume wenye umri. Halafu mama mmoja aliyesimama kando na mtungi wake anashindwa kuvumilia: "Mzee wetu, hapo umeruka korongo moja. Sisi hupita hapo na punda kila siku." Anapewa kijiti. Anachora korongo, anachora njia ya mkato inayopita nyuma ya kilima, anaweka vizibo vitatu mahali palipokuwa patupu, kisha anakiondoa kimoja kwa sababu kisima hicho hukauka Agosti. Kuanzia hapo ramani inaanza kuwa ya kijiji.

Mtu akisikia "mpango wa maendeleo" huwaza faili nene katika ofisi ya kaunti, au mkutano wa hema ambako afisa husoma kwa saa mbili na wananchi wakapiga makofi. Chini ya faili hilo kuna kazi ya mikono, macho na masikio ambayo watu wa Ukambani, kuanzia Mutomo huko Kitui Kusini hadi ng'ambo ya mto Athi katika Makueni, wameijua kwa muda mrefu. Ina vifaa vyake na hatua zake, na ukiitazama kwa utulivu utamtambua anayeiweza na anayebabaisha. Mimi naiita ufundi, na ningependa kuisifu jinsi ufundi unavyostahili kusifiwa, yaani kwa kuonyesha ugumu wake uko wapi.

Ufundi huu una historia ya kujivunia. Mwaka 1983 serikali ya Kenya ilianza kuhamishia mipango ya maendeleo ya mashinani kwenye makao makuu ya wilaya. Ilikuwa hatua, lakini aliyepanga bado alikuwa afisa, na kijiji kilisubiri kuambiwa. Mwaka 1988 wataalamu wa Sekretarieti ya Taifa ya Mazingira, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Clark cha Marekani, walikwenda Mbusyani, katika Machakos ya wakati huo. Charity Kabutha na Richard Ford ndio walioandika habari za kazi hiyo. Walikaa na wakazi, wakayapanga matatizo kwa uzito wake, na kufikia Septemba Mbusyani ilikuwa na mpango wake yenyewe wa kusimamia rasilimali zake. Robert Chambers wa Chuo Kikuu cha Sussex, alipoandika miaka ya tisini jinsi mbinu shirikishi za vijijini zilivyozaliwa, aliitaja Mbusyani sambamba na kazi iliyofanyika India mwaka huohuo. Mbinu ambazo leo hufundishwa vyuoni kote duniani zina sehemu ya mizizi yake katika vilima vya Ukambani.

Tena wataalamu hao hawakukuta uwanja mtupu. Walikuta mwethya, majirani wanaokusanyika kwa zamu kufanya kazi ambayo nyumba moja haiiwezi: kulima, kujenga, kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Matuta hayo serikali ya kikoloni ilijaribu kuyalazimisha, watu wakayachukia. Baadaye wakayachimba kwa hiari, kwa maelfu, kwa sababu waliyaona yakiwapa mavuno. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha mwaka 1994 utafiti wao juu ya Machakos tangu miaka ya 1930, walionyesha nchi ambayo watu waliongezeka mara kadhaa huku mmomonyoko ukipungua. Mwaka 1978, Utooni, Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi kilichokuja kujulikana mbali kwa mabwawa ya mchanga. Na huko Kitui, tangu miaka ya tisini, shirika la SASOL limejenga na wanakijiji mamia ya mabwawa ya namna hiyo. Watu waliokwisha kubaliana nani alete mawe na nani alete maji ya kukorogea simiti hawahitaji kufundishwa maana ya kupanga.

Sasa tuitazame Mutomo yenyewe, maana mpango mzuri huanza na ardhi ilivyo. Hii ni nchi kame. Mvua huja kwa misimu miwili, na ile ambayo mkulima huitegemea ni ya Oktoba hadi Desemba. Ndengu, kunde, mbaazi na mtama ndizo zinazoivumilia. Mito Tiva na Thua hufurika kwa muda mfupi kisha huacha mchanga mtupu. Visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine, upande huu, mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Lakini Mutomo ina kitu ambacho mgeni hukipita bila kukitazama, nacho ni miamba mikubwa iliyo uchi, inayochomoza juu ya vichaka. Katika miaka ya 1980 mradi wa kuhifadhi udongo na maji uliofadhiliwa na Denmark uliwasaidia wakazi kuigeuza miamba hiyo kuwa mapaa ya kukingia mvua, na Dayosisi ya Katoliki ya Kitui ikaendeleza kazi hiyo. Hujengwa ukuta mfupi wa mawe na simiti kuzunguka mteremko wa mwamba, ukiinamia upande mmoja kidogo tu, ili maji yatakayoteleza yafuate ukuta hadi kwenye bwawa au tangi lililo chini. Ukuta ukiinama mno maji huruka. Ukilala mno takataka hutuama. Fundi wa kijiji huupima mwinamo huo kwa mpira mwembamba wa plastiki uliojazwa maji.

Hapa ndipo kupanga kunapoonekana kuwa kazi ya akili. Chukua mfano. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mwamba wa nusu hekta una mita za mraba 5,000. Msimu mmoja ukileta milimita 250, na tukikubali kwamba sehemu moja ya tano itapotea, mwamba huo utatoa lita 1,000,000. Upande wa pili, nyumba 50 zikitumia mitungi 5 ya lita 20 kwa siku, kila nyumba hutumia lita 100 na kijiji kizima lita 5,000. Kiangazi cha siku 130, kuanzia Juni hadi mvua ya Oktoba, kitahitaji lita 650,000. Hesabu hii yaweza kufanywa na mwanafunzi wa shule ya msingi, kwa kijiti, kando ya ramani. Ikishafanywa, mazungumzo ya kijiji hubadilika. Waliokuja kudai kisima kipya wanaona kwamba mvua waliyo nayo ingewatosha, na upungufu uko kwenye tangi. Ombi la "tuleteeni maji" linageuka kuwa "tusaidieni kuyahifadhi haya yetu". Ni ombi la bei nafuu zaidi, lenye hakika zaidi, na lenye heshima zaidi.

Baada ya ramani na hesabu huja matembezi. Wakazi wachache wa rika tofauti, pamoja na afisa wa maji au wa kilimo, hukikata kijiji kwa miguu kutoka mlimani hadi mtoni. Nia ni kuona kile ambacho ramani haikusema: bonde linaloanza kulika, matuta yaliyobomoka, mahali wachungaji wanaponyweshea. Mtoni ndiko utaalamu wa mwenyeji unakong'aa. Bwawa la mchanga ni ukuta unaojengwa kukatiza mto wa msimu juu ya mwamba mgumu. Mafuriko ya misimu kadhaa hulijaza mchanga mnene nyuma ya ukuta, na maji hujificha kati ya chembe za mchanga, mbali na jua. Ukuta usipokaa juu ya mwamba, maji hupita chini yake na kazi yote huwa bure. Mhandisi ana chuma chake cha kuchomea mchanga ili ajue kina. Lakini kabla chuma hakijatoka garini, mzee amekwisha kusema kwamba pale penye mkuyu visima vya mchangani huchimbwa kwa kina cha kiwiko tu mpaka Septemba, na kule chini, ingawa panaonekana pazuri, maji hutoweka Julai. Mara nyingi chuma huja kuthibitisha. Mpango bora ni ule ulioandika kauli zote mbili, ya mzee na ya chuma.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoistahi kuliko zote, kwa sababu hapo hakuna pa kujificha. Ni kuchagua. Tuseme kijiji kimetaja mahitaji sita: maji, barabara, kivuko cha mto, zahanati, darasa la chekechea na soko la mifugo. Ukiliuliza baraza ni lipi la kwanza, atakayesema kwa sauti kubwa ndiye atakayeshinda. Kwa hiyo mwendeshaji mzuri wa kikao hupanga mahitaji mawili mawili: maji au barabara? maji au kivuko? kivuko au zahanati? Mahitaji sita huzaa maswali kumi na matano, na kila swali linataka sababu. Kazi hii huchosha, na uchovu wake una faida, maana sababu zikirudiwa uongo hujitokeza. Mtu anatetea zahanati. Anaulizwa kwa nini. Anasema wagonjwa hufia njiani. Wanafia wapi? Mtoni, mto ukifurika, wakielekea hospitali ya Mutomo. Kijana wa bodaboda anasimama na kueleza mahali penyewe. Baraza linatambua kwamba lililoitwa zahanati lilikuwa, kwa sehemu kubwa, kivuko. Swali la "kwa nini" likirudiwa kwa upole mara tatu nne hufika mahali ambapo dodoso la ofisini halifiki.

Kisha hutolewa mbegu. Kila mtu hupewa mbegu tano azigawe katika makopo sita, zote tano kopo moja au moja moja apendavyo. Mwendeshaji anayeijua kazi huwapa wanawake ndengu na wanaume kunde. Makopo yakimwagwa juu ya mkeka, kila mtu anaona kwa macho: kijani kibichi kimejaa kwenye maji, na kunde zimelundikana kwenye barabara na soko la mifugo. Hakuna aliyemtukana mwenzake na hakuna aliyehutubia, lakini tofauti iliyokuwa ikifichwa na adabu imelala pale juani. Hapo mwendeshaji mwenye busara hatangazi mshindi papo hapo. Huwaacha watu watazame mkeka, kisha huuliza nani ana la kusema juu ya alichokiona. Nimejifunza kwamba mahali hapo ndipo pa kumpima mwendeshaji: akiharakisha kuhesabu, amepoteza nusu ya alichokuja kukitafuta.

Baada ya kuchagua ni kuandika, na hapa wengi huanguka. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema katika kifungu cha 104 kwamba fedha za umma hazitatengwa nje ya mfumo wa mipango. Maana yake kwa mwananchi ni nyepesi: kisichoandikwa hakina fedha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, ya mwaka huohuo, inaitaka kaunti ipeleke mpango wake wa kila mwaka katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia 30 Aprili. Juu ya hayo upo mpango wa miaka mitano, na wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kwa hiyo kalenda ya kijiji na ya serikali lazima zisomwe pamoja. Kikao kikiitwa Novemba, watu wako shambani na dirisha la mwaka huo limekwisha kufungwa. Kikiitwa Julai kwa wakati wa sheria, ni kiangazi, na wanawake wako kwenye foleni ya maji. Kamati yenye ufundi huita kikao baada ya mavuno ya ndengu kuingia, na hukianza saa ambayo punda wamekwisha kurudi.

Sentensi yenyewe pia ina ufundi. Ukiandika "maji kwa wananchi", afisa yeyote anaweza kuitimiza popote, kwa lolote, au asiitimize kabisa bila mtu kujua. Ukiandika kwamba kijiji kinataka tangi la lita 650,000 chini ya mwamba fulani, kwamba ukuta wa kukinga maji upo na umepasuka sehemu mbili, kwamba wakazi watatoa mawe, mchanga na vibarua, na kwamba mwenye ardhi amekubali kwa maandishi, umeweka sentensi inayoweza kudaiwa. Na aandikaye hujua mlango wa kubisha: zahanati, chekechea, maji na barabara za mashinani ni za kaunti; madarasa ya shule ya msingi ni ya serikali kuu, na wengi wamekuwa wakiyaombea fedha katika Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge. Ombi zuri lililopelekwa mlango usio wake hulala humo kwa miaka.

Kitui imegawanyika katika kaunti ndogo 8, wadi 40 na vijiji 247 vya kiutawala, na sheria inakipa kila kijiji baraza lenye msimamizi na wazee watatu hadi watano. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana kati ya 2013 na 2022, ilikwenda mbali zaidi na kujenga ngazi iliyovuta wageni kutoka mbali. Mikutano huanzia katika vijiji zaidi ya 3,000, hupanda kwenye makundi 377 ya vijiji, kisha wadi ndogo 60, wadi 30, kaunti ndogo 6, hadi kongamano la kaunti. Kila ngazi huchagua kamati ya watu 11. Uzuri wa ngazi hiyo uko katika kile kinachotokea wakati wa kupanda. Mjumbe wa kijiji hufika kwenye kundi akakuta vijiji vingine vina hoja nzito kuliko yake, na lazima arudi nyumbani kueleza kwa nini aliachia. Na mradi ukishajengwa, kamati ya wakazi hukagua kazi kabla mkandarasi hajalipwa. Aliyechora ramani kwa kijiti ndiye anayeupima ukuta.

Mambo hayaendi vizuri kila mahali. Kuna vikao ambavyo wananchi huitwa kuidhinisha orodha iliyokwisha kuchapwa, na kuna vingine ambavyo kila hitaji huandikwa kuwa la kwanza, ili mtu yeyote asiudhike. Orodha ya namna hiyo humwachia afisa achague atakavyo. Kuna wasiofika: mchungaji aliyehamia malishoni kuelekea Mutha, mlemavu ambaye uwanja uko mbali naye, kijana anayeamini kwamba maneno ni ya wazee. Ufundi hupimwa pia kwa jinsi unavyowafuata hao. Katika hazina za mabadiliko ya tabianchi zilizojaribiwa Makueni na Kitui, utaratibu ulikuwa kwamba angalau asilimia 70 ya fedha za miradi iamuliwe na kamati za wadi, asilimia 20 ngazi ya kaunti, na uendeshaji usizidi 10. Utaratibu huo ulitambua jambo moja la msingi: watu hawachoki kupanga, wanachochoka nacho ni kupanga bila fedha.

Kwa nini basi nausifu ufundi huu kwa moyo wote? Kwa sababu unafanya kitu ambacho hakuna mtaalamu anayeweza kukifanyia kijiji. Mhandisi atakwambia mahali pa ukuta, na mhasibu atakwambia bei. Lakini kumfanya mtu akubali kwamba haja yake, ambayo ni haja ya kweli, isubiri miaka miwili ili haja ya jirani itangulie, hilo linawezekana tu pale alipoona ramani ikichorwa, alipotoa sababu zake zikasikilizwa, na alipoziona mbegu zake mwenyewe juu ya mkeka. Mpango wa kijiji ukitengenezwa vizuri, mtu ambaye mradi wake uliwekwa wa tano huja siku ya kazi na kubeba mawe ya mradi wa kwanza. Na haji kwa huruma. Anajua kwamba wa tano nao umeandikwa, una mahali pake, una mwaka wake, na mwaka huo ukifika watu wote wa kijiji watakwenda naye kuudai.